Diski ya Leosvany

Tii! Mlio ulimfikia Odalys jikoni kabla kahawa haijachemka. Mlio mkavu, wa dharau. Akajua kompyuta imekataa tena.

Sebuleni mjomba wake Evelio, kipofu, alikaa na spika za masikioni, akingoja. Saa kumi na moja jioni husoma habari kwenye redio ya mtaa. Odalys ndiye aliyemtengenezea programu huria ya kumnong'oneza maandishi sikioni, naye huyarudia hewani kwa sauti iliyopendwa na mji mzima wa Santa Clara. Jana Odalys aliirekebisha programu hiyo, akalifuta toleo la zamani. Ilibaki kuijenga upya tu, yaani kuunganisha vipande vyake viwe kitu kimoja. Lakini chombo cha kujengea kilitema makosa tangu asubuhi. Akishindwa, kiti cha Evelio kingekaliwa na Leosvany, msomaji wa akiba.

Leosvany! Ndiye aliyeigusa mashine Jumapili, alipoleta diski yake ya filamu na programu inayozunguka nyumba kwa nyumba kila wiki. Asubuhi, kwenye foleni ya mkate, Odalys alimwita mhujumu mbele ya watu. Jamaa akacheka. Asiye na hatia hucheka nini?

"Fisi tumemwachia bucha, mjomba."

Evelio alisugua goti.

Odalys akaiuliza mashine: chombo kinachoitika kinatoka wapi? Jibu likatokea. Si kile kilichokuja na Linux, mfumo unaoiendesha kompyuta yake. Kilikuwepo kingine, kipya zaidi, kimejificha kwenye folda ya nyumbani, kimewekwa mbele kwenye njia ya kutafutia, pale mashine inapoangalia kwanza ikiitiwa programu. Viwili, jina moja. Akimwita huyu, anaitika yule. Tarehe yake? Jumapili.

Alifungua dirisha. "Leosvany! Njoo hapa, msaliti we!"

Akaja, mkate kwapani. "Bado hujachoka kunitukana?"

"Umetia nini humu?"

"Filamu, nyimbo, na tamthilia ya Kikorea ya mjomba wako. Basi."

"Na hiki chombo kimekuja kwa miguu yake?"

"Muulize mwenye nyumba, bibie."

Evelio akakohoa. "Diski ikija huachi kitu, Odalys. Nani ajuaye wiki ijayo kutakuwa na nini? Leosvany aliiacha, akaenda kunywa kahawa kwa jirani. Nikanakili yote. Mashine ikaninong'oneza ikiuliza kama isakinishe vyombo vya mafundi. Nikabonyeza ndiyo. Nilidhani nakupa zawadi."

Odalys alimtazama mjomba, kisha Leosvany, kisha mikono ya Leosvany. Bado hakuiamini ile mikono. Akakiondoa kile kigeni kwenye njia, akafuta mabaki yaliyojengwa nusunusu, akaamuru upya. Mistari ikateremka. Wote watatu wakasubiri tii. Haikuja.

"Inaongea!" Evelio alipiga paja.

Leosvany alikuwa ameshachukua fimbo ya mzee. "Twende, mzee Evelio, nikufikishe. Kiti chako nilikichoka zamani, kinauma mgongo."

Mlangoni akageuka. "Na mimi, Odalys? Nilicheka nikidhani unatania. Sasa foleni nzima imeshanipa jina la mhujumu."

Shingo ya Odalys ilikataa kuinama, lakini ulimi ukaitangulia kukiri.

"Kesho asubuhi, kwenye foleni ileile, kwa sauti ileile, nitasema nilikuzulia, Leosvany. Nikinyamaza, adhabu yangu iwe hii: diski yako isikanyage tena nyumba hii."