Kumi kwa Kila Upande

Ukimya wa darasa la saba ndio uliopaswa kumshtua. Kila kikundi kilikuwa na dadu yake na kilikuwa kimeambiwa kiirushe mara sitini juu ya dawati la mbao. Kwa kazi hiyo masikio yalipaswa kuziba kwa kelele. Lakini mwalimu wa hesabu alikuwa amechoka, uchovu ule usioisha kwa kulala, na mtu aliyechoka hivyo akipewa utulivu haulizi umetoka wapi. Aliegemeza shavu kiganjani, akasinzia kidogo.

Uchovu wenyewe ulitoka nyumbani. Mama yake alikuwa akipoteza kumbukumbu, naye alimuuguza peke yake: kumwogesha, kumlisha, kumtafuta barabarani. Dada yake mkubwa, muuguzi katika mji wa mbali, alishamwambia wazi kwamba hali ikibadilika ataomba uhamisho aje wasaidiane. Kila jioni alipiga simu kuuliza, na kila jioni mwalimu alijibu kwamba mama hajambo. Si uongo, alijiambia. Mama alikuwa na siku zake nzuri, na mwalimu aliingoja nyingine, asije akamng'oa dada kazini bure.

Vikundi vikaanza kusoma matokeo. Moja mara kumi, mbili mara kumi, hivyo hivyo mpaka sita. Kikundi cha kwanza kilimfurahisha. Cha tatu kilimfumbua macho.

"Kwa hesabu za ubaoni tunatarajia kumi kwa kila upande," alisema taratibu. "Lakini dadu haisomi ubao. Ukiirusha kweli utapata saba hapa, kumi na nne pale. Nani amerusha?"

Nusu ya kosa ilikuwa yake, maana aliwapa jibu ubaoni kabla ya kuwapa dadu. Mwishowe binti mmoja mcheshi, ambaye wenzake walimwita Profesa kwa ajili ya miwani yake, akasimama.

"Tulirusha kidogo, mwalimu. Ikaja sita, sita, tena sita. Tukaona itatuharibia."

"Itawaharibia nini?"

"Jibu. Si tulikuwa tunalijua tayari?"

Darasa likacheka. Mwalimu naye alitaka kucheka, akashindwa. Akageukia ubao na kuufuta, hata pale pasipoandikwa kitu. Aliona aibu, na hakuna hata mmoja mle ndani aliyejua ni aibu ya nini.

"Rusheni upya," alisema bila kugeuka. "Andikeni kinachotoka, hata kama hamkipendi."

Hapo darasa likawa soko. Dadu ziligonga mbao, zikaanguka sakafuni, zikafuatwa chini ya madawati. Mwalimu wa darasa jirani akachungulia dirishani kuuliza kulikoni.

"Hesabu," akamjibu.

Jioni simu ilimkuta jikoni, anamenya viazi.

"Mama anaendeleaje?" dada akauliza.

Jibu lilikuwa tayari ulimini. Akalimeza.

"Asubuhi alinifungia nje, dada. Nilitoka kuanua nguo zake, niliporudi akaniuliza mimi ni mtoto wa nani."

"Hiyo ni leo. Na jana?"

"Jana alinijua asubuhi tu. Jioni hakunijua."

"Na wiki iliyopita? Uliniambia hajambo, mdogo wangu."

"Nilikuambia." Sauti ikamkatika. "Nimechoka, dada. Nimechoka vibaya."

Hakusikia nyayo. Alipoinua macho, mama alikuwa amesimama mlangoni, kiatu kimoja mguuni.

"Unaongea na nani?"

"Na binti yako mkubwa, mama."

Mama akatabasamu kwa adabu, kama mtu anayetambulishwa kwa mgeni.

"Msalimie sana," akasema. "Mwambie mimi sijambo."

Mwalimu alibaki na simu sikioni. Salamu alizifikisha. Hilo lingine hakulisema.