Ushindi wa Mezani

Mjukuu wangu Bushra amefundisha tenisi ya wanawake kwenye chuo kimoja hapa Johannesburg kwa miaka tisa. Minane alikuwa kocha msaidizi. Kocha mkuu alipoondoka, Bushra akapewa nafasi ile, lakini kwenye barua yake waliandika kwamba ni kaimu. Kaimu kocha mkuu. Hakulalamika, ila nilimwona akiisoma barua ile mara tatu akiwa amesimama jikoni, na chai yake ikapoa.

Mchezo huo aliuanza akiwa na miaka saba, mtaa wa Jeppestown, tulipokuwa tumepanga chumba nyuma ya karakana ya magari. Marehemu babu yake alikuwa mtu wa huku, aliyekimbilia kwetu Tanzania siasa zilipokuwa mbaya. Nilimfuata kutoka Tanga aliporuhusiwa kurudi. Yeye ndiye aliyemnunulia mtoto raketi kuukuu, nyuzi mbili zimekatika. Bushra akawa anapiga mpira kwenye ukuta wa karakana kutwa nzima, pu, pu, pu, na mafundi hawakumfukuza. Mmoja wao, Selemani, alipanda juu ya ndoo akachora mstari wa chokaa ukutani, akamwambia, "Wavu huu hapa. Ukipiga chini yake, nakunyima pointi." Hakuna aliyemtuma. Nasema mpaka leo kwamba Selemani ndiye kocha wa kwanza katika ukoo wetu.

Tenisi ikamsomesha. Alipofika miaka ishirini na tatu kifundo cha mkono kikaharibika, daktari akasema basi, akageukia kufundisha. Nilidhani atalia mwaka mzima. Alilia wiki mbili, kisha akaanza kunisimulia habari za wasichana wake mezani, huyu anaogopa mpira wa juu, yule amefiwa na mama, mpaka nikawajua kabla sijawaona.

Mwaka jana mkurugenzi wa michezo wa chuo, Bi Refilwe, alimwambia wazi. Timu ikimaliza ligi ya vyuo ikiwa ya kwanza au ya pili, atathibitishwa kuwa kocha mkuu. Vinginevyo, watafikiria. Hesabu zikafika mechi ya mwisho, Jumamosi moja ya Novemba, kwenye uwanja wetu. Tukishinda, tunakuwa wa pili. Tukishindwa, wa tatu.

Asubuhi ile niliamka mapema nikachoma vitumbua vya kuwapa wasichana wetu, na chai ya tangawizi chupa kubwa.

"Baada ya mechi, Bibi," Bushra alinionya kwenye gari tukiwa tumesimama kwenye robot, ndivyo huku wanavyoita taa za barabarani. "Siyo kabla. Wakila kabla watakimbia kama bata."

"Nimesikia."

"Unasikia, halafu nakukuta unagawa."

Uwanjani Nomsa, nahodha wao, alinichukulia kapu, akaniwekea kiti penye kivuli. "Gogo, hapa jua halikufikii," akasema, na akarudi tena kuniletea mto. Gogo ndilo wanaloniita wote, ndiyo bibi kwa lugha yao. Nilikaa. Saa tatu ya kuanza ikafika, wageni hawapo. Wanatoka chuo cha kusini, mbali kidogo. Saa tatu na dakika ishirini likaingia basi dogo linafuka moshi, wakashuka wasichana watano wamechoka.

Mmoja wao hakwenda na wenzake. Alikaa chini karibu na bomba la maji, nyuma ya kiti changu, kichwa magotini. Nikamsikia akisema peke yake, "Mungu wangu, kichwa." Kwa Kiswahili! Basi ningekaaje?

"Binti, una nini?"

Alishtuka. "Mama, niko naona giza. Sijakula tangu jana. Tulitoka saa kumi ya asubuhi, gari ikafa njiani."

"Na huyo kocha wenu hakuwapa hata chai?"

"Alisema tutakula njiani." Akatabasamu kwa shida. "Njiani tulikula moshi."

Jina lake Valeria, wazazi wake watu wa Bukavu. Nilimmiminia chai, vijiko vitatu vya sukari, nikampa kitumbua, kisha cha pili, nikamshikia kikombe anywe. Rangi ikaanza kumrudi. Ndipo Nomsa akaja mbio.

"Gogo! Unafanya nini?"

"Nampa mtoto chai."

"Huyo ni namba moja wao!"

"Kwani namba moja hanywi chai?"

Nomsa akashika kichwa. Akachutama akanieleza haraka haraka, kwa kunong'ona, wakati Valeria anamalizia kikombe. Mechi ni tano, kila upande wachezaji watano. Wageni wamekuja watano kamili, wengine wanaumwa. Huyu asipoweza kusimama, hakuna mechi, tumepewa ushindi wa mezani. "Kocha anakuwa kocha mkuu sasa hivi, Gogo. Bila hata kutoa jasho. Mwamuzi alikuwa ameshatoa kalamu!"

Nilitazama kikombe. Kilikuwa kitupu. Valeria alikuwa ameshasimama anafunga kamba za viatu. "Niko sawa sasa, Mama. Mungu akubariki," akasema, na akakimbilia kwa wenzake.

Nikajikokota mpaka kwenye uzio. Walikuwa wamesimama kando ya wavu, Bushra, mwamuzi na kocha wa wageni, mzee Fabiani. Bi Refilwe alikuwa amekaa pembeni, faili mapajani.

"Hata kama wametimia," mwamuzi alisema, "wamechelewa. Mwisho ni dakika kumi na tano, na zimepita. Kocha, ni haki yako. Ukisema ushindi wa mezani, naandika."

Mzee Fabiani hakubembeleza. Alivua kofia tu, akaishika kwa mikono miwili.

Bushra akamtazama Valeria, ambaye alikuwa na chembe za kitumbua mdomoni. Akageuka polepole kunitafuta mimi.

"Bibi," akaniita kwa Kiswahili. "Umempa na chai?"

"Kikombe kimoja."

"Na sukari?"

"Vijiko vitatu."

"Eish, Bibi."

Nilitamani ardhi inimeze na kapu langu. Bushra akainamisha kichwa, akawa anakwangua mstari mweupe kwa ncha ya kiatu. Kisha akawageukia wasichana wake. "Leo mmekuja kufanya nini?"

Nomsa ndiye aliyejibu. "Kucheza, Kocha. Lakini..."

"Lakini nini?"

"Lakini hatutaki wakuondoe."

"Hilo ni la kwangu, niachieni. Kachukueni raketi." Akamwambia mwamuzi, "Tunacheza."

Bi Refilwe akaandika kitu. Sikujua ni nini.

Mechi zilikwenda sawa kwa sawa, tukashinda mbili, tukashindwa mbili. Ya mwisho ikawa ya Nomsa na Valeria, na ndiyo iliyobeba yote. Walipigana kwa saa mbili na zaidi. Nomsa alipata seti ya kwanza, Valeria ya pili. Mtoto yule alikuwa anapiga mpira ukiwa nyuma kabisa, unapaa, unaanguka palepale penye mstari. Mmoja ulikuwa mzuri mno nikajikuta nimepiga makofi.

"Bibi," Bushra akanigeukia kutoka kwenye benchi lake, "sisi ndio wenye bluu."

Wasichana wote wakacheka, hata wa wageni waliojua ninachoambiwa kwa kuniona tu nilivyoshika mdomo. Lakini sikuweza kumwombea mabaya. Nilimwombea Nomsa kwa sauti na Valeria kimoyomoyo, na Mungu akasikia la kimoyomoyo. Valeria alishinda seti ya tatu saba kwa tano.

Nomsa alitoka analia. Bushra alimfuata, akamshika mabega, na nilikuwa karibu nikasikia. "Mpira wa mkono wa nyuma umeupiga mara ngapi leo bila kuogopa? Nimehesabu arobaini na mmoja. Mwezi wa pili ulikuwa unaukimbia." Nomsa akalia zaidi, kisha akacheka huku analia.

Jumatatu Bi Refilwe akamwita ofisini. Bushra alivaa koti lake zuri, na mimi sikuweza kufanya kazi yoyote ya maana nyumbani kwetu mtaa wa La Rochelle. Nilikunja nguo zilizokwisha kukunjwa. Saa saba mchana akaingia, akavua viatu, akakaa.

"Kaimu tena," akasema. "Mwaka mmoja."

Nikakaa na mimi.

"Nilimuuliza, Bibi. Nilimuuliza ingekuwaje kama ningechukua ushindi wa mezani. Akanionyesha barua. Ilikuwa kwenye faili lile, imeshasainiwa. Angenikabidhi palepale uwanjani."

"Basi ni mimi niliyekuharibia, mwanangu."

"Hapana." Alinitazama sawasawa, kama anavyowatazama wasichana wake. "Wewe ulimpa chai mtu mwenye njaa. Aliyesema tucheze ni mimi. Hilo usijibebeshe, ni langu."

"Unajuta?"

Alifikiri. Hanidanganyi, hajawahi. "Jana nilijuta mpaka adhuhuri. Halafu Nomsa akapiga simu. Unajua alikuwa anataka kuhamia chuo cha Cape Town? Ameuliza mazoezi yanaanza lini. Na wenzake wote wamebaki, Bibi, wote wanane. Kila mwaka naondokewa na watatu, wanne."

"Na huyo mama anataka nini mwakani? Wa pili tena?"

"Wa kwanza. Bei imepanda." Akaanza kucheka. "Nikamwambia sawa."

Nami nikacheka, na machozi yakanitoka kidogo, akanifuta kwa kiganja.

Honi ikalia nje. Nomsa alikuwa ameazima gari la mjomba wake, wenzake wawili wamekaa nyuma, wamechoka kusubiri hiyo siku ya mazoezi. Bushra alibadili nguo upesi. Dirishani nilimwona akimtoa Nomsa kwenye usukani.

"Sogea huko. Unaendesha kama ulivyoanzisha mpira Jumamosi, nusu yote nje ya mstari!"

"Kocha! Hiyo siyo haki!"

Wakabishana barabarani mpaka teksi moja ikawapigia honi. Bushra akainyoshea mkono kuomba radhi, akaingia, akafunga mlango, wakaenda uwanjani, na msimu mpya bado miezi mitatu.