Kiajemi cha Ofisini

"Kijana, hiyo lugha unayoisoma ni ya nani?"

Nasrulla, mfanyabiashara wa Samarkandi, alicheka mpaka kilemba kikamlegea. Nilikuwa nimemsomea Kiajemi, lugha yake mwenyewe, niliyojifunza miaka sita katika ofisi ya wafasiri pale Beijing.

"Ni ya kwenu, bwana."

"Ya kwetu? Labda ya mbuzi wa kwetu!"

Hakukosea. Tulikuwa na daftari la maneno ya Kiajemi yaliyoandikwa kwa herufi za Kichina, kila silabi na herufi yake, na kisichotoshea kilikatwa. Samarkandi ilikuwa Sa-ma-er-han. Walioliandika walikufa zamani, na walivyozitamka herufi hizo sivyo tulivyozitamka sisi, lakini hakuna aliyethubutu kugusa hata moja. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nikaamini kwamba aliyekosea ni Nasrulla.

Kisha akaacha kucheka, akanipa barua. Yaliyomo alinieleza kwa Kichina cha njiani, alichookota kwenye misafara ya ngamia. Mdogo wake, Behzad, alikuwa kifungoni mpakani, mwaka wa pili sasa. Walimwita mpelelezi kwa sababu aliuliza kisima kiko wapi.

"Anakohoa damu. Mwandikie Mfalme kwamba hana hatia. Andika wamwachie kabla ya baridi. Basi, sitaki kingine."

Barua ile nilimpelekea Mwalimu Zhai, mkuu wetu. Aliisukuma kando bila kuifungua.

"Mgeni hamlalamikii Mfalme. Mgeni anaomba, na anaomba kitambaa cha atlasi. Fuata kigezo."

"Mwalimu, huyu haombi atlasi."

"Wote wanaomba atlasi. Wewe ndiye unayejua kuliko waliotutangulia?"

Hadi leo nikiyakumbuka maneno yale, damu inanichemka. Lakini siku ile nilikaa, nikasaga wino. Ndivyo tulivyofanya kazi: barua ya mgeni tuliitunga sisi, kwa Kichina kwanza, halafu tukapanga chini yake maneno ya Kiajemi, moja moja, kutoka daftarini. Jina la Mfalme nililipandisha juu ya mistari yote. La Nasrulla nililiandika dogo: mtumwa wa mbali, anagusa ardhi kwa paji la uso, anatoa jiwe la jade, anaomba atlasi kwa unyenyekevu. Behzad sikumwandika popote. Daftari halikuwa na neno la kifungo. Hata lingekuwa nalo nisingelitumia, kwa kuwa nilikuwa mwoga na nilikitaka cheo.

Nilikipata. Mwalimu Zhai aliisifu barua ile mbele ya wote, na kwa zaidi ya miaka ishirini wanafunzi waliinakili, uongo wangu kwa mwandiko mzuri. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza Nasrulla ni nani.

Jibu la Mfalme lilitoka mwezi wa kumi mwaka uleule, theluji ya kwanza ikiwa imeshaanguka. Mimi ndiye niliyetumwa kumsomea.

"Ombi lako limekubaliwa lote," nikasema.

Alinishika mikono yote miwili, akaibusu. Watumishi wakaingia na majora manne ya atlasi, wakayaweka miguuni pake. Hakuyatazama. Alikuwa amenyoosha shingo, anaangalia mlangoni nyuma yao.

"Yuko wapi?" akauliza. "Anaweza kutembea mwenyewe?"