Mpimaji Aliyegoma Mlangoni

Karani wa kiwanda cha mikate alifuta unga kwenye kibodi, akachukua penseli, akabonyeza kitufe cha kuwashia kompyuta kwa upande wa kifutio. Kitufe kilishazama ndani siku nyingi na kidole hakikukifikia tena. Mashine ikakohoa. Feni ikazunguka, ikakwama, ikazunguka tena. Kwenye kioo kikatokea kile kiduara kinachofukuza mkia wake, mlango wa stoo ukafunguka, na wafanyakazi wa zamani wakaanza kuingia.

Mbele alikuwa Mama Taipu, mchapaji wa ankara, mkoba kwapani. Nyuma yake Bwana Simu, aliyekuwa akipokea oda enzi za simu ya kuzungusha, mtu wa sauti kubwa hata akinong'ona. Mwisho Mzee Kuni, mchochea tanuri kabla tanuri halijawa la umeme. Wote walikuwa marehemu. Mzee Kuni alikufa Karani akiwa bado shule ya msingi. Wakapeana mikono. Wakaulizana habari za kulala, za watoto, za wajukuu, wakaulizana habari za mguu wa Bwana Simu, uliokuwa ukimsumbua kabla hajafa na ambao bado haujapona. Walipofika kwenye mguu ndipo alama ya kwanza ikatokea kwenye kioo, ile ya kapu la taka.

Karani hakuwa na neno na salamu zao. Watu wazima hawaachi kusalimiana eti kwa sababu mashine ina haraka. Kilichomkosesha raha ni baba yake.

Baba yake alikuwa mpimaji wa kiwanda hicho maisha yake yote, na alipokufa aliendelea kuja. Kila asubuhi aliingia na wenzake, akapita mezani kwa binti yake, akamwambia "umekonda" hata kama hajakonda, kisha akaenda kusimama kando ya mizani. Lakini sasa ulikuwa umepita muda anaishia kwenye kizingiti cha stoo. Anasimama pale na koti lake jeupe, kalamu sikioni, mikono ameikunja kifuani. Haingii, haondoki. Wenzake wanamsubiri, maana kiwandani hapo hakuna aliyewahi kuanza kazi kabla mpimaji hajafika. Kompyuta nayo inasubiri. Chai ikishapoa kabisa ndipo yanatokea maandishi: Huduma ya Mizani imeshindwa kuanza. Baada ya hapo alama nyingine zinajitokeza moja moja, kwa kinyongo, kama watoto waliotumwa dukani mchezo ukiwa umenoga.

Nje magari ya kusambaza mikate yalikuwa yanapiga honi. Dereva hawezi kuondoka bila karatasi ya oda, na karatasi ya oda iko ndani ya mashine.

"Leo tena?" Bosi aliingia akicheka, maana alikuwa mtu wa kucheka hata akikasirika. "Mkate wangu unafika hospitali wagonjwa wameshapona! Nimemwita Fundi. Akishindwa leo, hili jumba la mashine naliuza kwa watu wa vyuma chakavu. Naleta mpya, nyembamba kama sahani."

"Na wazee, Bosi?"

"Wazee gani?"

"Hawa."

Bosi akawatazama, akawapungia mkono. "Shikamooni. Wazee watajijua."

Karani akautazama mlango wa stoo. Wazee hao waliandikishwa ndani ya mashine hii siku ilipoletwa, na ndiyo waliyokuwa wakiingia nayo. Mashine ikienda, mlango wa stoo ukifunguliwa kutakuwa na magunia ya unga, basi. Na baba yake atabaki upande wa pili akiwa amekunja mikono, bila hata kumwambia amekonda.

Fundi alifika na mkoba wa bisibisi na tumbo lililotangulia. Alikuwa mtu wa makamo asiye na breki mdomoni. Akawaamkia wazee, wakaitikia, akavuta kiti.

"Ulianza lini huu uvivu?"

"Uvivu ni wa zamani," Karani alisema. "Lakini kugoma ni kwa juzi juzi."

"Kwa hiyo magonjwa ni mawili. Usichanganye. Watu wanachanganya, halafu wanasema Fundi tapeli."

Akaizima, akachomoa nyaya, akafungua ubavu wa mashine. Ndani unga ulikuwa umeshikana na vumbi ukazunguka feni yote.

"Hapa kuna mkate mzima," alisema. "Umekosa moto tu."

Akaukwangua kwa brashi, akapuliza, akapiga chafya, Karani akamwambia "afya." Akaongeza kumbukumbu, kipande chembamba alichokitoa kwenye mashine nyingine iliyokufa, akakisugua kwa ncha ya shati na kukichomeka. Kisha akaiwasha kwa penseli. Feni haikukohoa tena. Wazee, waliokuwa wametoka mashine ilipozimwa, wakaingia upya kwa mlango wa stoo na kuanza kusalimiana upya.

Fundi aliwatazama mpaka kwenye mguu wa Bwana Simu.

"Hawa mliwaandikisha waanze pamoja na mashine," alisema. "Sawa. Nani aliwaambia waache?"

Karani akafikiri. "Hakuna."

"Basi huo ndio ugonjwa wa kwanza. Mama," akamgeukia Mama Taipu, "ankara anachapa nani siku hizi?"

"Mimi," Mama Taipu alisema. Akatazama printa iliyokuwa ikijichapia yenyewe. "Yaani, niko tayari."

"Na wewe, bwana mkubwa, simu?"

"Haijalia," Bwana Simu alisema kwa sauti iliyotikisa madirisha. "Lakini nipo karibu nayo."

Simu hiyo ilikuwa imeondolewa kitambo; alikuwa karibu na msumari ulioishikilia.

Fundi akashika kipanya, akafungua sehemu inayoonyesha nini kinaamka na mashine, akaanza kuondoa alama za tiki. Ya ankara. Ya simu. Ya tanuri la kuni. Kila alipoondoa moja, mmoja wa wazee alishusha mabega kama aliyetuliwa ndoo kichwani.

"Kwa hiyo tumestaafu?" Mama Taipu aliuliza.

"Mmestaafu."

"Na hamkusema! Viatu hivi vinanibana tangu nizikwe." Akavivua hapo hapo, akavitia mkobani. "Mwanangu," akamwambia Karani, "kunywa chai ikiwa moto."

Wakaagana. Kuagana kulichukua muda mrefu kuliko kusalimiana, lakini Fundi alisema hiyo ni mara moja tu, waacheni. Mzee Kuni alipita kwa tanuri la umeme, akaligusa, akatikisa kichwa, akawafuata wenzake. Njiani walimpita Mpimaji pale kizingitini. Bwana Simu akamnong'oneza, na kiwanda kizima kikasikia: "Mwenzetu, na wewe acha ukaidi."

Mpimaji akawapisha, akarudi palepale.

"Sasa tuje kwa huyu," Fundi alisema.

Akaiwasha mashine upya. Mlango wa stoo ukafunguka, safari hii kwa mtu mmoja. Karani alishika ukingo wa meza. Baba yake akaja mpaka kizingitini, akasimama, akakunja mikono. Fundi akaitafuta huduma ya mizani, akabonyeza Anza. Mpimaji akanyanyua mguu mmoja, akaushikilia hewani, akaurudisha palepale. Huduma ya Mizani imeshindwa kuanza. Fundi akabonyeza tena. Mguu ukapanda, ukashuka.

"Mashine nzima," Fundi alisema. "Waya mzima. Mzee, wewe una nini?"

"Muulize mwenye mkate," Mpimaji alisema. Yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu agome, na Karani aliposikia ile sauti ilibidi apange karatasi zilizokuwa zimeshapangwa.

"Nakuuliza wewe. Mwenye mkate ndiye atakayenilipa, siwezi kumuuliza vibaya."

"Nipe mkate mmoja."

Karani akachukua mkate kwenye rafu, akampelekea. Kwenye mfuko kulikuwa na kibandiko kinachotolewa na mizani kwa kupitia kompyuta: uzito, tarehe, na chini yake maneno Imepimwa na, halafu jina la baba yake. Jina hilo halikuwahi kuondolewa. Bosi alisema wateja wamelizoea.

Mpimaji akauweka mkate kwenye kiganja. Hakuupandisha wala kuushusha, aliuweka tu.

"Huu umepungua," alisema. "Kipande kizima na ukoko wake."

Fundi akauchukua, akauweka kwenye mizani ya umeme. Namba zikasema mkate umetimia. Chini ya meza kulikuwa na mizani ya zamani ya mikono miwili na mawe yake. Karani akaitoa, akaweka mawe upande mmoja, mkate upande wa pili. Mkate ukabaki juu, unaning'inia kama mtoto aliyepanda pembea na mtu mzima.

"Jina langu hilo," Mpimaji alisema. "Nikiwa hai sikulitia kwenye mkate wa hivi. Nife ndiyo nilitie?"

Bosi aliitwa. Alikuja akipangusa mikono, akatazama mkate unaoning'inia, wala hakubadilika uso.

"Ndiyo," alisema. "Niliigusa mizani kidogo. Unga umepanda, umeme umepanda. Bei nikipandisha watu watapiga kelele. Sasa mkate nimeupunguza mwili, kila mtu ametulia. Na watu siku hizi wamenenepa sana, Fundi, jitazame."

Fundi akalitazama tumbo lake, akalifunika kwa shati.

"Bosi," Karani alisema, "irudishe ilivyokuwa. Baba ataingia, mashine itaamka, magari yatawahi."

"Mwanangu, nikiirudisha nafunga kiwanda."

"Ule mkate wa nyumbani kwako asubuhi nimekuona unaupima kwa mawe."

"Wa nyumbani ni wa nyumbani," Bosi alisema, akacheka kwa moyo wote, hakuona mahali penye kosa. "Fundi, mashine iamke. Namna utakavyofanya ni shauri lako. Mchana ikiwa bado imelala, vyuma chakavu." Akaondoka kwenda kuwatuliza madereva.

Wakabaki watatu. Fundi alikuna kidevu.

"Dada, njia zipo tatu. Ya kwanza, kurekebisha mizani. Hiyo mwenyewe kaikataa. Ya pili, nimfute mzee kabisa. Mashine itaruka kama panzi."

"Hapana," Karani alisema, kabla Fundi hajafunga mdomo.

"Nilijua. Ya tatu, namweka wa kuitwa kwa mkono. Mashine ikiamka haimsubiri wala haimwiti. Hatakuwa mpimaji tena. Ukimtaka unabonyeza mwenyewe, anakuja kama mgeni."

"Asipokuja?"

"Baba yako huyo, si wangu."

Karani akamgeukia baba yake. "Baba, unasemaje?"

"Na jina langu?"

"Linaondoka," Fundi alisema. "Ukitoka kwenye orodha ya wanaoamka na mashine, kibandiko hakina pa kulipata."

Mpimaji akatoa kalamu sikioni, akaitazama, akaiweka mfukoni. "Fanya."

Fundi akafanya. Akazima, akaiacha ipumue, akawasha. Kiduara hakikumaliza hata mzunguko. Alama zote zikatokea kwa pamoja, kapu la taka likiwa katikati kama lenye sherehe. Printa ikatema karatasi za oda, madereva wakazinyakua wakiimba, na magari yakatoka getini chai ya Karani ikiwa bado inafuka. Bosi akampa Fundi malipo yake na mkate juu. Fundi akaupima kwa kiganja, akaguna, akaondoka nao.

Karani akafuta mikono. Akaitafuta huduma ya mizani, akaweka kipanya juu ya Anza, akabaki amekishika. Kisha akabonyeza.

Mlango wa stoo ukafunguka. Baba yake akafika kizingitini, akanyanyua mguu, akavuka. Alikuwa amevaa shati la nyumbani lenye mistari. Koti jeupe hakuja nalo. Akatembea mpaka mezani.

"Umekonda," alisema.

"Sijakonda, baba."

"Umekonda. Unakula mkate wa hapa?"

Karani akamvutia stuli kando ya dirisha la kuuzia, akamwekea kikombe cha chai. Mzee hakunywa, marehemu hawanywi, alikishika tu kwa ajili ya joto. Na kwa kuwa hakuwa na kazi tena, na mkono wa mtu hausahau, kila mkate uliopita dirishani aliutaja kwa sauti.

"Huo umepungua kipande."

"Najua, baba," mama mmoja aliyekuwa akinunua alisema. "Shikamoo."

"Marahaba. Na huo wa pili umepungua kidogo zaidi."

"Basi nipe ule mwingine."

"Ni sawasawa tu."

"Haya, nipe huu huu, watoto wanangoja."

Foleni ilisogea vizuri. Watu walimzoea mara moja. Wengine walibadilisha njia ili wapite kumsalimu, na mauzo yakapanda. Kwenye vibandiko vipya maneno Imepimwa na yalifuatiwa na nafasi tupu, na hakuna mteja aliyeiuliza. Bosi alisimama nyuma akisikiliza, mikono mfukoni, ameridhika.

"Mzee wako anaijua kazi," alimwambia Karani. "Hakosei hata mara moja."

Jioni hiyo akaagiza mizani nyingine ya umeme kama ile aliyoigusa, na asubuhi yake, kabla wateja hawajafika, akaupima mkate wa nyumbani kwake kwa mawe. Mpimaji, aliyekuwa ameshaitwa, aliutazama ukipita.

"Huo umetimia," alisema.

"Asante, mzee," Bosi alisema, akautia kwenye mfuko wa karatasi.