Fundi Funguo Ajifunza Kunyata

Mkwe wao alipoolewa aliingia nyumba ile na masanduku mawili ya nguo, jiko la gesi na mashine ya gemu. Masanduku hayakusemwa na mtu, wala jiko. Mashine ndiyo iliyosemwa, na msemaji mkuu alikuwa baba mkwe mwenyewe, fundi funguo, mtu ambaye ulimi wake haujapata kushika kutu hata siku moja. "Wenzetu wanaletewa mkwe na cherehani," alimwambia mkewe, "sisi tumeletewa sanduku la kuua watu." Mkewe alimwomba apunguze sauti, maana kuta ni nyembamba. Hakupunguza.

Hayo yalikuwa kabla ya kiharusi. Kiharusi kilimkuta fundi kwenye meza yake ya kazi, tupa mkononi, akichonga ufunguo wa mteja. Kilipopita kilimwachia miguu, kikamwachia ulimi na ukali wake wote, ila mkono wa kulia kiliondoka nao nusu. Vidole vilikunjika kwa shida, na dole gumba likawa kama la kuazima: analiona liko pale, lakini halimletei habari yoyote. Na fundi vitasa ni dole gumba. Jicho linaona tundu la ufunguo tu. Pini na springi zilizomo ndani huonwa na kidole.

Mwanafunzi wake wa zamani, ambaye sasa alikuwa na meza yake mwenyewe kando ya barabara, alikuja kwa adabu zote kumwomba amwachie karakana iwapo mkono hautarudi. "Nipe miezi mitatu," fundi alimjibu. "Jumamosi ya mwisho nitakupa jibu." Nyumbani akaongeza amri moja: asihurumiwe na mtu. Aliyemkatia nyama kwenye sahani alifokewa. Aliyemfunga kifungo cha shati alinuniwa mpaka jioni, naye alikuwa mkewe wa miaka thelathini na minne.

Hospitali walimpa mpira wa kubinya. Aliubinya siku nne, ya tano ukaonekana uvunguni, ya sita haukuonekana tena.

Mkwe alifanya kazi kiwanda cha kujaza maji kwenye chupa, zamu ya mchana, kwa hiyo asubuhi alikuwa nyumbani. Mumewe, dereva wa lori, alikuwa mtu wa kuonekana mara moja kwa wiki tatu. Asubuhi moja mkwe aliingia sebuleni, akakaa kiti cha mbali kama inavyompasa mkwe, akasema huku akitazama zulia:

"Baba, samahani. Kuna gemu inayotaka dole gumba."

"Mimi na mvi hizi?"

"Haiulizi mvi, baba."

Fundi alitaka kukataa. Lakini alikuwa amekwisha kuhesabu vigae vyote vya dari, mara mbili. Akanyoosha mkono wa kushoto, akapokea rimoti yenye vijiti viwili vya kusukuma kwa dole gumba.

Gemu ilikuwa dunia nzima, na milima yake, miji yake, misitu yake, na mtu huenda atakako. Kwanza unatengeneza mtu wako. Fundi alichagua pande la mtu, akalivisha chuma toka utosini hadi nyayoni, akalishikisha na shoka. "Kama ni kupewa mwili mpya," alisema, "basi na uwe mwili." Mbwa mwitu walimla mara nne kabla chai haijapoa. Shoka lilikuwa zuri, ila dole gumba lilifika kwenye kila pigo likiwa limechelewa.

Alipoweka rimoti chini, mkwe alisema taratibu, "Tutengeneze mtu asiyehitaji kupigana, baba. Anayepita bila kuonekana."

Wakaanza upya. Mkwe alimsomea kwenye kioo: una pointi chache, na kila unayoitia kwenye nguvu umezinyima sifa nyingine. Waliziacha nguvu vilevile. Wakatia pointi kwenye kunyata, kwenye kujificha gizani na kwenye kufungua kufuli.

Fundi akajiinua kitini. "Hebu rudia hilo la mwisho."

Tangu siku hiyo, kila asubuhi baada ya chai, mtu wao alikuwa kazini. Walimvua chuma kwa sababu chuma kinalia, wakamvisha viatu vya ngozi laini na nguo ya rangi ya majivu. Alijibanza nyuma ya mapipa akihesabu hatua za askari: kumi na mbili kwenda, kumi na mbili kurudi, hapo katikati ndipo pa kupita. Kungoja hakukumshinda fundi. Mtu aliyewahi kukaa saa sita mbele ya sefu ya benki, meneja akimpumulia kisogoni, hawezi kushindwa na askari wa katuni.

Kilichomshinda ni wizi.

"Chukua hicho kikombe, baba, ni cha fedha."

"Cha nani?"

"Cha mwenye nyumba."

"Basi tumwachie."

Mkwe alimweleza kwamba gemu yenyewe inaruhusu, kwamba wenzake wote kiwandani wanachukua. Fundi alitikisa kichwa. Fundi funguo akichukua hata kijiko cha mtu, mtaa mzima unabadilisha vitasa, na haki yao. Mfuko wa mtu wao ukabaki mtupu, na hapo ndipo ilipobainika kwamba gemu inapima mzigo: asiyebeba kitu hasikiki akikanyaga mbao.

Tena alikuwa na lake jingine, la miaka arobaini mkononi. Kila mlango aliofungua, aliufunga nyuma yake. Mkwe alikaribia kulia. "Baba, tukifukuzwa tutatokea wapi?" Akajibiwa kwamba mlango usio wako ukiufungua, unaurudisha ulivyokuwa, ndivyo alivyofundishwa, na hakuanza leo. Wakaja kugundua kwamba askari wakiona mlango wazi hupiga kelele, na wakiuona umefungwa hupita zao. Mkwe, aliyeicheza gemu ile miaka mitatu, alikiri kwamba jambo hilo hakulijua. Fundi alitembea na sifa hiyo wiki nzima.

Mkewe alikuwa akipita na beseni la nguo, anasimama kidogo. "Huyo mwizi wenu kaiba nini leo?"

"Hajaiba kitu."

"Basi si mwizi huyo, ni mgeni asiye na haya."

Siku waliyookota ufunguo unaofungua kila mlango, mkwe aliuliza mafundi wanauitaje. Fundi alikohoa. Mafundi wanauita ufunguo malaya, lakini neno hilo halipiti mbele ya mkwe. "Kamuulize mama yako," alisema.

Kazi yenyewe ilikuwa kwenye kufuli. Unaingiza waya, unasukuma kijiti cha kulia polepole, na pini ikikaa mahali pake rimoti inatetemeka mkononi. Wiki nne fundi hakusikia mtetemo wowote. Alivunja nyaya hadi akaacha kuzihesabu. Wiki ya tano, kwenye mlango wa ghala la nafaka, kitu kikamgusa dole gumba, kidogo sana, kama mdudu anayepita. Aliweka rimoti mapajani akalitazama lile dole.

"Imetetemeka," alisema.

"Imetetemeka, baba," mkwe alijibu, kisha akakumbuka ghafla kwamba ana kitu jikoni. Huko jikoni hakikuwako kitu.

Baada ya hapo fundi alijiwekea mtihani, akamweleza mkwe peke yake. Katika gemu ile kulikuwa na ngome, na lango lake lilikuwa na kufuli kubwa kuliko zote. "Lango hili likifunguka kwa mkono wa kulia bila kuvunja waya, karakana sitoi," alisema. "Lisipofunguka, Jumamosi namkabidhi yule mwanafunzi wangu funguo, na maneno yaishe."

Alhamisi ya wiki ya mwisho, saa nne na nusu asubuhi, lango lilifunguka. Alimpitisha yule mtu wake wa majivu, akageuka, akalifunga tena. Siku hiyo alikula mara mbili na kumsifu mkewe kwa chumvi.

Ijumaa mwanawe alirudi safarini, mkwe akiwa kazini. Baada ya kuoga na kula akataka kumwona huyo mtu wa baba anayesifiwa mpaka kwenye simu. Akaiwasha mashine, akafungua orodha ya michezo iliyohifadhiwa, akabonyeza wa kwanza aliouona.

"Ala, kumbe mnacheza levo ya rahisi kabisa," alisema akicheka. "Hapa hata paka anafungua kufuli."

"Rahisi kabisa ndiyo nini?"

Mwana akaeleza, wala hakujua anachimba nini. Gemu ina levo tano. Kwenye rahisi kabisa nafasi ya pini inapanuliwa, na rimoti inatetemeka kwa nguvu mara mbili, ili hata mtoto aweze.

Fundi hakukasirika, na nyumba nzima ingependa akasirike. Aliutazama mkono wake muda mrefu. "Nimehurumiwa," alisema. Kisha akamwomba mkewe ampigie simu mwanafunzi wa zamani, aje kesho asubuhi achukue funguo za karakana. Akageuza kiti, akaipa televisheni mgongo. Waliomjua walianza kuogopa.

Mkwe alirejea magharibi na sare ya kiwandani, mikono imekunjamana kwa maji. Mama mkwe alimpokea mlangoni akamnong'oneza yote. Hakwenda hata kubadilisha nguo. Aliingia sebuleni, akapita kile kiti chake cha mbali, akakaa kiti kilicho ubavuni mwa baba mkwe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aolewe.

"Baba, ni kweli nilikudanganya. Lakini naomba utazame kidogo."

Fundi aligeuza kiti nusu.

Alifungua orodha ileile. Kila mchezo uliohifadhiwa ulikuwa na tarehe na levo yake, na mumewe alikuwa amebonyeza wa zamani kuliko yote. Akaanza kusoma kwa sauti ya chini. Wiki tano za mwanzo, rahisi kabisa. "Siku ile ya ghala, ulipousikia mtetemo, kesho yake nikapandisha." Rahisi. Wiki mbili baadaye, kawaida. Halafu ngumu.

"Ulikuwa unapandisha saa ngapi?" fundi aliuliza.

"Ukienda kuoga, baba."

Mkewe, aliyesimama mlangoni, alicheka kwa pua.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulisema usihurumiwe. Na ile rahisi ya kwanza ilikuwa huruma, sikuweza kuipa jina jingine. Nikaona niitoe kidogo kidogo usiione ikiondoka."

Fundi alimalizia kugeuza kiti. "Na Alhamisi? Lango?"

Mkwe alishusha alama hadi mchezo wa mwisho, akamwachia asome mwenyewe. Fundi alisogeza miwani, akasoma, akasoma tena. Ngumu kabisa.

"Kuna nyingine juu ya hiyo?"

"Hakuna, baba. Ndiyo ya mwisho. Mimi mwenyewe lango lile sijawahi kulifungua."

Mwana alijifanya anatafuta chaja. Fundi aliliweka lile dole gumba juu ya mkono wa mkwe wake, akaliacha hapo.

"Mashine yako nilikuwa nikiisema," alisema, "na kuta hizi ni nyembamba, najua ulisikia. Nisamehe. Ahsante, mwanangu. Umenipitisha milango yote hii sikusikia hata kiatu chako." Machozi yalimtoka, hakuyafuta, kwa sababu mkono wa kufutia alikuwa ameuweka mahali alipotaka ukae.

Mwanafunzi wa zamani alipokuja Jumamosi, aliambiwa funguo hazitoki, ila kama anaona jua la kando ya barabara linamchosha, karakana ina nafasi ya meza ya pili. Alisema atamshukuru Mungu.

Jumatatu fundi alifungua karakana, mkwe akiwa amemsindikiza kabla ya zamu yake. Hawajamaliza kufagia, akaingia mama mmoja na kitasa alichokifunga kwenye gazeti, ufunguo umekatikia ndani. Alipomwona fundi mwenyewe akasita, maana mtaa mzima ulijua habari za ule mkono. Fundi alikipokea kitasa, akaingiza waya, akafumba macho. Kitasa cha kweli hakitetemeki. Pini inainuka kama unywele, basi. Alingoja. Dole gumba likamletea habari ya pini ya kwanza, kisha ya pili.

"Njoo saa nane," alimwambia yule mama.

"Saa nane ya leo?"

"Ya leo."