Dawa Shambani kwa Mabruki

Bi Samiha alipiga dawa ya magugu siku ya Jumatano, baada ya kumlisha mumewe uji na kumgeuza ubavu. Alijifunga kanga puani na mdomoni, akalibeba mgongoni bomba aliloliazima kwa jirani yake Silima, akateremka nalo mteremkoni. Alipiga safu kwa safu, taratibu, akichunga dawa isiguse majani ya mibuni, mpaka bomba likawa jepesi. Kazi ambayo kwa jembe ingemchukua wiki tatu ilikwisha kabla ya adhuhuri. Akalirudisha bomba, akaoga mara mbili, akalala. Alikuwa hajalala mchana tangu mwaka jana.

Katika shamba lile la kijijini Ole dawa ilikuwa haijaingia hata mara moja. Babu yake, Mabruki, alikuja Pemba kutoka bara akiwa kijana, kuchuma karafuu za watu. Alipopata kipande chake cha ardhi alipanda mikarafuu kama kila mtu, kisha chini ya vivuli vyake akapanda mibuni, na watu wakamcheka. Yeye alisema kahawa ya dukani ina ladha ya gunia. Mibuni ikashika. Baba yake Samiha akaiongeza, na Samiha akaipokea ikiwa miti mia na arobaini. Utaratibu ulibaki ule ule. Maganda ya buni yanarudishwa shinani, samadi ya mbuzi inalazwa miezi minne ndipo itiwe, majani ya migomba yanatandazwa ili udongo usikauke, na magugu yanatolewa kwa jembe na kwa mkono. Sababu ya kukataa dawa kila mtu aliijua. Chini ya mteremko kuna kisima, na nyumba saba zinachota hapo.

Lakini utaratibu huo unataka watu, na watu walikuwa wamekwisha. Mwanawe Hudhaifa anapika hotelini Unguja. Binti yake Mwanawema ameolewa Makangale na ana watoto wanne wa kumshughulisha. Aliyekuwa akilima hasa ni mumewe, Jaribu, na Jaribu alianguka mlangoni mwa choo mwezi wa Rajabu mwaka jana, upande wote wa kulia ukalala. Alirudi kutoka spitali akiwa wa kuoshwa, wa kulishwa na wa kugeuzwa kila baada ya saa chache asipate vidonda. Samiha ana miaka sitini na moja.

Masika ya mwaka huu yalikuwa mazito. Gugu la ndago liliota kana kwamba limepandwa. Samiha alipalilia safu moja, na kabla hajafika mwisho wa safu ya pili ile ya kwanza ilikuwa kijani tena. Siku moja alikaa chini katikati ya mibuni apumzike kidogo, akashindwa kuinuka. Haukuwa ugonjwa. Mwili ulikataa tu. Alikaa pale mpaka aliposikia Jaribu akigonga ukuta nyumbani, ndipo akashika shina la mbuni akajivuta. Kesho yake akaenda kwa Silima, ambaye hutumia dawa kwenye mpunga wake bondeni wala hafichi.

Baada ya siku kumi magugu yalikuwa ya manjano. Samiha aliyafyeka na kuyafunika kwa majani ya migomba, na mteremko ukapendeza kuliko ulivyowahi kupendeza. Mwenyewe hakutaka kuutazama. Maji ya kisimani aliyaacha. Akawa anapanda kilima na ndoo mpaka kwenye bomba la skuli, anapumzika mara tatu njiani. Wanawake walipomuuliza, alisema maji ya kisima yanamsokota tumbo siku hizi.

"Pole," walimwambia, kisha wakateremka na ndoo zao kisimani.

Hilo neno "pole" alirudi nalo nyumbani kila siku.

Mwezi wa Juni mkaguzi akaja. Shamba la Samiha lilikuwa moja kati ya mashamba kumi na moja yanayouza buni na viungo kwa cheti kimoja cha kilimo hai, na kila mwaka mtu hutumwa kutoka Unguja kuyakagua. Safari hii alitumwa msichana aitwaye Nahla, mpole, viatu vyake vimejaa tope la Ole. Alifuatana na Bi Kazija, kiongozi wa kikundi, ambaye na Samiha walikaa dawati moja darasa la kwanza.

"Hili ndilo shamba la mfano," Kazija alisema, akimtangulia mgeni mteremkoni. "Tangu babu yao. Tazama matandazo yake hayo."

Nahla alitazama, akainama, akashika udongo, akapiga picha mbili. Aliuliza kuhusu samadi, kuhusu maganda, kuhusu wadudu. Samiha alijibu yote, na yote aliyojibu yalikuwa kweli. Kisha wakapanda mpaka barazani, Nahla akatoa karatasi.

"Hapa pa mwisho, Bi Samiha. Unathibitisha kuwa hukutumia dawa wala mbolea ya viwandani mwaka mzima. Ukishatia sahihi tumemaliza."

Samiha aliipokea kalamu. Kazija alikuwa tayari amesimama, anaweka sawa buibui lake ili waende shamba linalofuata.

"Na mtu akiwa ametumia?" Samiha aliuliza.

"Akisema mwenyewe, linatolewa shamba lake peke yake, miaka mitatu. Akificha na ikaja kujulikana, kinafutwa cheti cha wote." Nahla alitabasamu. "Kwani kuna unayemjua?"

Samiha aliiweka kalamu juu ya karatasi.

"Andika nimepiga, mwanangu. Dawa ya magugu. Mteremko wote, mibuni tisini. Mwezi wa Aprili."

Nahla hakuandika. Alimtazama Kazija.

"Anatania huyu," Kazija alisema.

"Sitanii."

"Samiha! Umepiga dawa juu ya kisima?" Kazija alikaa tena, polepole, kama mtu anayetafuta kiti gizani. "Ndiyo maana ukawa unakwenda bombani. Tumbo! Ukatwambia tumbo! Sie tunakunywa, wajukuu zangu wanakunywa, na wewe unatuangalia!"

"Niliwaangalia, ndiyo."

"Kwa nini hukuniambia umeshindwa?"

"Ningekwambia lini, Kazija? Umekuja hapa mara ya mwisho lini?"

Kazija alikuja mara ya mwisho wiki Jaribu alipotolewa spitali, na mkate wa mofa na machungwa. Baada ya hapo walikutana misibani na kwenye mikutano ya kikundi, na kila mara aliuliza, "Mgonjwa hajambo?" na Samiha akajibu, "Alhamdulillahi," kisha wakaendelea na ajenda.

"Hiyo si sababu," Kazija alisema mwishowe.

"Si sababu. Nimekujibu ulichouliza."

Nahla aliandika kwa muda mrefu, kichwa chini. Alimwomba Samiha wateremke tena, akachukua udongo kwenye vifuko vitatu na maji ya kisima kwenye chupa. Akawashauri watu wasiyanywe mpaka majibu yatoke. Kazija alipita nyumba zote saba kuwaambia, na jioni ile hakuna asiyejua. Watu walipita na ndoo zao mbele ya nyumba ya Samiha wakielekea skuli. Wengine walimsalimu, wengine walitazama mbele.

Usiku alimweleza Jaribu. Ulimi wa Jaribu ulikuwa mzito, maneno yakitoka moja moja, na Samiha alikuwa amezoea kungoja.

"Mama... Hudhaifa," alisema. "Ni mimi."

"Wewe umefanya nini? Umelala hapo."

"Ndiyo," alisema Jaribu. Machozi yalimtoka jicho la kushoto tu, Samiha akayafuta kwa pindo la kanga. Akamgeuza, akazima taa.

Wiki tatu zilipita hivyo. Samiha alichuma buni za juu peke yake, akazianika kwenye jamvi lake peke yake, maana hazikuruhusiwa kuchanganywa na za wenzake. Hudhaifa alipiga simu akasema, "Mama, ng'oa mibuni hiyo, panda ndimu upumzike." Samiha alimwambia hata kung'oa kunataka nguvu.

Asubuhi ya Jumamosi moja Kazija alipiga hodi. Alikuwa na jembe begani, na nyuma yake walikuwapo wanawake watatu wa kikundi na wanaume wawili, nao wana majembe.

"Majibu ya maji yamekuja," alisema hata kabla ya kukaribishwa. "Hayana kitu. Mwenyezi Mungu ametusitiri."

Samiha aliegemea nguzo ya baraza. "Alhamdulillahi."

"Kikundi kimekaa. Umetoka, miaka mitatu, hilo halina mjadala."

"Najua."

"Na mteremko tutaupalilia sie, nyumba mbili mbili kwa zamu. Usidhani ni kwa ajili yako. Kisima ni chetu sote, na mtu asije tena akakitilia dawa kwa kuwa amekosa mkono wa kumsaidia." Sauti yake ilikuwa kali, lakini macho yalikuwa ardhini. "Tulipaswa kukaa kikao hiki mwaka jana."

Samiha aliutazama mteremko. Ndago ilikuwa imeshaanza kuchomoza tena, vijincha vidogo vya kijani katikati ya majani makavu ya migomba.

"Basi buni za huko chini chumeni nyinyi," alisema. "Muwe nao mteremko moja kwa moja. Mie nitabaki na hii mibuni ya karibu na nyumba, hamsini hivi, naimudu."

"Hapo ni pa babu yako, Samiha."

"Babu yangu alikuwa na watoto tisa na wake wawili."

Mmoja wa wanawake alicheka, akajizuia. Kazija hakucheka. Alifikiri, akatikisa kichwa kukubali, akawaashiria wenzake wateremke. Yeye mwenyewe alibaki barazani, jembe limeegemezwa ukutani. Samiha alidhani atalia. Badala yake ulimjia mwayo, mrefu, wa kutoa machozi, hata akaona haya akaziba mdomo kwa kiganja.

"Umelala saa ngapi jana?" Kazija aliuliza.

"Sijui. Aliamka mara nne."

"Nenda kalale. Jaribu nitamtazama mie."

"Lazima ageuzwe saa nne. Ubavu wa kushoto, na mto uwe katikati ya magoti."

"Nimeuguza mama yangu miaka sita. Nenda."

Samiha aliingia chumbani akajinyoosha kitandani na kanga zake zote mwilini. Alikusudia kusubiri mpaka saa nne, ahakikishe mto umewekwa vizuri. Aliamka muadhini akiadhini alasiri, shingo imekakamaa, na ilimchukua muda kujua ni siku gani.