Mlio wa Pili wa Mashine ya Kaka

Ilikuwa saa tano asubuhi. Saa sita kamili tungefunga toleo jipya la mfumo wetu wa kuendeshea kompyuta, wa Linux, na likishafungwa halifunguliwi, hata aje nani. Kilichobaki kuamuliwa ni kimoja tu: ndani yake iingie kerneli ipi. Kerneli ndiyo roho ya mfumo, ndiyo inayozungumza na kila chuma kilichomo kwenye kompyuta. Ikishindwa, una sanduku tu mezani.

Tulikuwa na mbili. Ya zamani tuliiita Bibi, kwa sababu ilijua kila chuma kikuukuu duniani. Mpya tuliiita Bi Harusi. Mzee wa Usalama, mwenzangu anayeziba matundu wanayopitia wezi wa mitandaoni, alikuwa amempenda Bi Harusi mpaka aibu.

"Bibi amebakiza miezi mitano," alisema, akizunguka nyuma ya kiti changu, tabia inayonikera tangu siku ya kwanza. "Waliomtengeneza wakishamwacha, kila tundu litakaloonekana litabaki wazi. Utamwuguza wewe?"

"Kipya kinyemi, ingawa kidonda."

"Kidonda kiko wapi? Mashine arobaini na moja za watumiaji wetu zimejaribiwa, zote zimewaka. Wewe ndiye msimamizi wa toleo. Toa neno tufunge."

Kweli, zote zilikuwa zimewaka. Lakini mimi nilikuwa narudia kusoma ripoti ya kumi na saba, ya kaka yangu.

Kaka haoni tangu utotoni. Anahariri vitabu vya shule vya wasioona, na husoma kwa vidole, kwenye kifaa cha nukta nundu kilichochomekwa kwenye kompyuta kuukuu. Kifaa hicho kikinyamaza, hana kazi, na ofisini kwao kuna mkubwa anayetafuta sababu ya kumweka kando. Ndiyo maana nilimwomba amjaribu Bi Harusi. Akajibu kwa neno moja: imewaka.

Nilipaswa kufurahi. Badala yake roho ilikuwa juu juu, kama mtu aliyetoka nyumbani bila kuzima jiko. Kaka hawezi kuniandikia chochote bila kunichokoza. Utani umekwenda wapi?

Nikampigia.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Si leo mnafunga?"

"Ndiyo. Nisomee namba ya kerneli."

"Ya nini tena? Nimeshasema imewaka."

"Nisomee tu, kaka."

Nikasikia pini za kifaa zikigongagonga. "Inaishia na nne," alisema.

Namba ya Bi Harusi iliishia na tisa. Nne ilikuwa ya Bibi. Nikakata simu bila hata kuaga.

Nilijua papo hapo kosa ni la nani. Mwaka juzi mashine ya kaka iligoma kuwaka. Kioo kilijaa maelezo ambayo yeye hakuweza kuyaona, akakaa saa nne mbele ya mashine bubu akidhani yeye ndiye aliyeiharibu. Nilipojua, nililia kwa hasira. Kisha nikaandika utaratibu mpya: kerneli mpya ikishindwa, mashine ijizime yenyewe na iwake tena na ile ya zamani, kimya kimya, bila kumsumbua mtu. Nilisifiwa sana. Na fomu yetu ya majaribio ikaendelea kuuliza swali lile lile moja, imewaka au haikuwaka. Imewaka kwa kerneli ipi, hakuna aliyeuliza, nikiwemo mimi mwenye akili nyingi.

Toleo jipya lingemfuta Bibi kabisa. Kaka angewasha mashine yake Jumatatu, toleo likishamfikia, na pasingekuwa na kerneli ya kurudia.

Ilikuwa saa sita kasoro dakika ishirini. "Hatufungi na Bi Harusi," nilimwambia Mzee, nikamweleza.

"Tuvunje kila kitu kwa ajili ya kaka yako?"

Swali liliniuma, kwa sababu nilikuwa nimeshajiuliza mwenyewe. "Waandikie wote arobaini na moja," nikasema. "Wasome namba."

Majibu yakaanza kuingia. Tisa. Tisa. Nne. Tisa. Nne, kutoka zahanati moja. Nne, nne, kutoka shule mbili. Nilihesabu kila moja. Ilipobaki dakika tano, mashine kumi na moja zilikuwa zimesema nne, na Mzee alikuwa ameacha kuzunguka. Alivuta kiti akaketi.

"Sasa Bibi atauguzwa na nani?" aliuliza, safari hii kwa upole.

"Na mimi. Kila tundu, kwa mkono wangu, mpaka Bi Harusi ajifunze kuishi na vyuma vya watu."

"Utazeeka."

"Nimeshazeeka leo."

Saa sita kamili tukafunga na Bibi. Nikatoka ofisini hadi kwenye ngazi, nikampigia kaka tena.

"Ulijua?"

"Mashine hulia inapowaka," alisema. "Safari hii ililia mara mbili. Nikajua imerudi nyuma."

"Na hukusema!"

"Fomu yenu haikuuliza."

"Kaka!"

"Ningesema ungemchagua Bibi, na wenzako wangesema unambeba ndugu yako. Umehangaika mno kukipata kiti hicho. Nikaona bora nitafute kazi nyingine."

Hasira ilinipanda mpaka sauti ikagonga kuta za ngazi. "Mficha maradhi kifo humuumbua! Mashine kumi na moja, kaka! Moja iko zahanati, wagonjwa wamepanga foleni!"

"Kumi na moja?" Sauti yake ilibadilika. "Mimi nilidhani ni yangu peke yake."

Nilirudi mezani simu ikiwa sikioni, nikafungua ile fomu, nikalifuta swali letu la miaka yote na kuandika jingine.

"Jibu wewe kwanza," nikamwambia. "Imewaka mara ngapi?"

"Mara mbili," alisema kaka.